Aliyeshika Paa la Mlima

Tanzia za magazeti madogo ya mashariki mwa Kentucky na kusini mwa West Virginia, nchini Marekani, hufuata mtindo mmoja. Huanza na jina la marehemu, umri wake, mahali alipozaliwa na kanisa alilosali. Hufuata jamaa: waliomtangulia mbele ya haki, mjane aliyeachwa, watoto na miji wanayoishi, idadi ya wajukuu na vitukuu. Katikati ya hayo, kabla ya siku na saa ya mazishi, huchomekwa sentensi moja: alikuwa mfanyakazi mstaafu wa kampuni ya makaa ya mawe. Miaka 30 au 40 ya jasho inaishia hapo. Msomaji wa mbali huipita sentensi hiyo upesi ili afike kwenye majina ya watoto. Mimi nataka kukaa nayo, kwa sababu nyuma yake kuna ufundi mkubwa ambao mwenyewe hakuwa na desturi ya kuusimulia.

Ninayemkumbuka si mtu mmoja mwenye jina. Ni baba wa kizazi kizima, aliyezaliwa kati ya miaka ya 1920 na 1940, akaingia mgodini angali kijana na kutoka akiwa na mvi, akalea familia kwa kazi hiyo. Pazuri pa kumtafutia ni Lynch, mji mdogo wa Kaunti ya Harlan, Kentucky, chini ya Black Mountain, mlima mrefu kuliko yote katika jimbo hilo. Kampuni tanzu ya U.S. Steel ilianza kuujenga mwaka 1917 ili tanuri za chuma zipate makaa. Nyumba zilikuwa za kampuni, duka la kampuni, hospitali ya kampuni. Wafanyakazi walitoka Italia, Hungaria, Poland na mataifa mengine mengi, na Wamarekani Weusi walipanda treni kutoka Alabama, wengi wao wakiwa watoto na wajukuu wa watu waliozaliwa utumwani. Mwaka 1923 mgodi wa hapo ulitoa zaidi ya tani 12,000 za makaa katika zamu moja, rekodi ya dunia kwa wakati ule. Katika miaka ya 1940 mji ulikuwa na watu karibu 10,000. Leo hawafiki 1,000.

Hizo ni hesabu za makaa, na makaa yenyewe yalikwisha kuchomwa zamani. Ufundi ninaouzungumzia haupimwi kwa tani. Ni ufundi wa kulizuia paa lisianguke.

Katika milima ile tabaka la makaa limelala bapa kati ya miamba, na mara nyingi mgodi haukuwa shimo la kushuka chini, bali mlango uliotobolewa ubavuni mwa mlima. Wachimbaji walilifuata tabaka ndani kwa ndani, wakikata vyumba na kuacha nguzo nene za makaa kati ya chumba na chumba. Nguzo hizo ndizo zilizobeba mlima. Lakini baina ya nguzo na nguzo ilibaki dari ya mwamba isiyo na kitu chini yake: pengine mwamba wa mchanga ulioshikamana vizuri, pengine udongo ulioganda ukawa jiwe la tabaka nyembamba, zinazobanduka moja baada ya nyingine. Kimo cha chumba mara nyingi kilikuwa kimo cha makaa yenyewe. Pale makaa yalipokuwa membamba, mtu alifanya kazi zamu nzima akiwa amepiga magoti au amelala ubavu, huku mwamba ukikwaruza kofia yake.

Dunia iliifahamu migodi ya makaa kwa milipuko. Tarehe 6 Desemba 1907 mlipuko wa Monongah, West Virginia, uliua watu 362, na katika mwaka huo mmoja zaidi ya wachimbaji 3,000 wa makaa walikufa nchini Marekani. Kwa karne nzima ya 20 idadi ilipita 100,000. Hata hivyo, muuaji mkubwa kuliko wote hakuwa mlipuko. Alikuwa paa. Liliua mmoja hapa, wawili pale, katika siku za kawaida, na hakuna gazeti la mji mkubwa lililotuma mwandishi. Basi mtu aliyefanya kazi miaka 35 chini ya paa na kustaafu kwa miguu yake mwenyewe alikuwa na bahati, hilo halina ubishi; lakini alikuwa pia anajua jambo, na alilijua kwa masikio, kwa macho na kwa viganja.

Jambo la kwanza lilikuwa kugonga. Kabla hajashika sururu wala koleo, aliinua mtaimbo na kuligonga paa, kiganja cha mkono wa pili kikiwa kimebandikwa kwenye mwamba. Paa zima hujibu kwa mlio mkali na mfupi, na kiganja hakipokei kitu. Paa lililoachana na mwamba wa juu hutoa sauti nzito yenye uwazi ndani yake, na kiganja huhisi mtetemo. Ni sikio lilelile la mnunuzi wa chungu sokoni, anayekigonga kwa kidole apate kujua kama kina ufa usioonekana. Ila huyu chungu chake kilikuwa kipana kuliko nyumba, na kilikuwa juu ya kichwa chake. Vipande vilivyolegea aliviangusha kwa mtaimbo, naye amesimama chini ya mwamba aliokwisha kuupima. Na kabla ya kuchokonoa chochote alishajua atarukia wapi. Njia ya kuponea ilitangulia, kazi ikafuata, na mpango huo haukubadilika hata siku ya haraka.

Jambo la pili lilikuwa kutazama. Taa ilikuwa kwenye kofia, zamani ya kabaidi, vijiwe vilivyodondoshewa maji vikatoa gesi ya kuwaka, baadaye ya betri iliyofungwa mkandani. Fundi aliutembeza mwanga paani kwa upande upande, ili kila ufa utupe kivuli. Alitafuta ufa ambao jana haukuwapo, tone la maji mahali palipokuwa pakavu, vijiwe vinavyopukutika, pembe za nguzo za makaa zinazomeguka. Paa la milima ile lina picha za msitu wa kinamasi wa miaka takriban milioni 300 iliyopita: majani ya kangaga yaliyotandazwa kwenye jiwe, magamba ya miti ambayo haipo tena duniani. Ni uzuri ambao wachimbaji waliuona kila siku. Lakini msitu huohuo uliwaachia visiki. Mti ulizikwa na matope ukiwa wima, ndani yake pakajaa mchanga ulioganda kuwa jiwe, na gome lake likawa utepe mwembamba wa makaa, laini kiasi kwamba jiwe la ndani halikushikamana na mwamba wa kando. Kwa chini linaonekana duara tu, lenye ukingo mweusi. Kisiki cha namna hiyo huweza kuwa na uzito wa mamia ya kilo, na hushuka bila onyo. Mgeni angeweza kupita chini ya duara lile mara kumi. Fundi alilitambua kwa mwanga mmoja wa taa, akakiwekea kisiki mhimili kabla ya kufanya kazi nyingine yoyote.

Mhimili wenyewe ulikuwa gogo, na kulisimamisha ulikuwa ujuzi wa pekee. Alipima kimo, akalikata pungufu kidogo, akasafisha vumbi na changarawe hadi kwenye sakafu ngumu, akalisimamisha wima, akaweka kibao kipana juu yake, kisha akapigilia kabari kati ya kibao na mwamba. Kabari iliyolegea haibebi kitu. Iliyopigwa kupita kiasi huweza kuupasua mwamba unaotakiwa kushikwa. Kipimo hakikuandikwa popote. Kilikuwa katika sauti ya nyundo, ambayo hubadilika gogo linapopokea uzito. Wazee wengi waliupenda mti kuliko chuma kwa sababu moja: mti hulia kabla ya kuvunjika. Usiku kucha na mchana kutwa magogo yalipasuka na kuguguna, na fundi alitofautisha mti unaojituliza chini ya mzigo wake na mti unaozidiwa. Hata panya wa mgodini waliachwa waishi, wakatupiwa makombo ya mkate, maana iliaminika kwamba husikia mlima ukisogea kabla ya binadamu.

Heshima ya kazi hii inaonekana zaidi ukitazama malipo. Kwa miaka mingi mpakiaji wa makaa alilipwa kwa tani. Kusimamisha magogo, kuondoa mawe yaliyoanguka, kusogeza reli hadi chumbani kwake, mara nyingi hayo yote hayakuwa na ujira. Kila gogo alilolisimamisha lilimpunguzia makaa ya siku hiyo, na makaa ndiyo yaliyonunua viatu vya watoto. Mfikirie amelipima paa na kuliona linavumilika, jirani yake wa chumba cha pili anajaza behewa la tatu, naye anashika msumeno kukata gogo jingine ambalo hakuna atakayemlipa. Uamuzi huo aliufanya tena na tena, katika giza, bila msimamizi wa kumsifu. Ulikuwa uamuzi wa fundi na uamuzi wa baba kwa pamoja: alikuwa na watoto wa kulisha leo, na watoto walewale walihitaji arudi jioni. Malipo ya kazi hizo yalikuja kupiganiwa mezani na chama cha wafanyakazi, ambacho huko Harlan kilikubaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930 baada ya damu kumwagika.

Mwishoni mwa miaka ya 1940 paa lilipata dawa mpya. Badala ya kulitegemeza kwa chini, migodi ilianza kulifunga kwa bolti za chuma zilizoingizwa juu ndani ya mwamba. Tabaka nyingi nyembamba, kila moja ikiwa dhaifu peke yake, zikibanwa pamoja huwa boriti moja nene. Au jiwe dhaifu la chini huning'inizwa kwenye mwamba imara ulio juu yake. Mwendesha mashine alitoboa tundu la mita moja na ushei, mara nyingine zaidi. Baadaye, katika migodi iliyotumia gundi, aliingiza vifuko vya gundi, akasukuma bolti huku ikizunguka ili gundi ichanganyike, akashikilia kwa sekunde chache hadi igande, kisha bamba la chuma likabana paa. Alisogea hatua moja akaanza tena, safu kwa safu. Sheria iliyotangulia zote ilikuwa kutovuka safu ya mwisho ya bolti. Mbele yake ni paa ambalo halijashikwa na mtu.

Mtu angedhani mashine iliua sikio. Ilihamishia usikivu mahali pengine. Mikono iliyoshika vishikio vya mashine ilihisi keekee inavyopanda: polepole katika mwamba mgumu, haraka katika mwamba laini, na ikiruka ghafla ilikuwa imekutana na ufa uliofichika ambao hakuna taa ingeweza kuuonyesha. Rangi ya vumbi ilibadilika mwamba ulipobadilika. Kwa kila tundu fundi alikuwa anasoma mita nzima ya mlima iliyo juu ya wenzake, na aliposimama na kudai bolti ndefu zaidi, nyapara mwenye akili alimsikiliza.

Ufundi huo ulifika kilele chake katika kazi ya hatari kuliko zote, ya kuzivuna nguzo. Sehemu ya mgodi ikishamalizika, wachimbaji hurudi nyuma wakizikata nguzo zilezile zilizobeba mlima, na paa huachwa lianguke nyuma yao kwa makusudi. Hapo hakuna kulizuia milele. Kuna kulichelewesha tu, kwa magogo yaliyopangwa kwa mstari, na kuijua dakika ya kuondoka. Magogo huanza kulia moja moja, kisha kwa pamoja. Anayekimbia mapema kila mara haleti makaa. Anayechelewa mara moja hatoki. Wazee waliozivuna nguzo kwa miaka mingi walikuwa na mamlaka ambayo cheo hakikuwapa: mmoja wao akigeuka na kutembea kuelekea nje, wote walimfuata bila swali.

Ilikuwapo pia kazi ya mkaguzi wa zamu, aliyeingia mgodini kabla ya wenzake, akapita njia zote kupima gesi ya methani, hewa na paa. Kila mahali alipopakagua aliandika kwa chaki tarehe, saa na herufi za kwanza za jina lake. Waliokuja nyuma yake walizitafuta herufi hizo kwa taa zao, na walipoziona waliketi kufungua zana. Sijui sahihi nyingine iliyobeba dhamana nzito kuliko hiyo, na ilifutika kwa unyevu wa ukuta.

Gharama ya ufundi huu iliingia kifuani. Vumbi la makaa huleta ugonjwa wa mapafu meusi, na anayetoboa paa huvuta pia vumbi la mwamba lenye silika, ambalo ni baya zaidi. Aliyewashikia wenzake mlima alikuwa akiupumua. Tarehe 20 Novemba 1968 mgodi wa Farmington, West Virginia, ulilipuka na kuua watu 78. Miezi michache baadaye wachimbaji wapatao 40,000 wa jimbo hilo waligoma kudai fidia ya mapafu meusi, na mwishoni mwa 1969 ikapita sheria ya shirikisho iliyoweka kikomo cha vumbi na malipo kwa wagonjwa. Ugonjwa haukwisha. Utafiti wa taasisi ya serikali ya afya kazini uliotolewa mwaka 2018 ulionyesha kwamba katika Appalachia ya kati, ukanda wa milima unaojumuisha mashariki mwa Kentucky na kusini mwa West Virginia, mchimbaji mmoja kati ya watano waliofanya kazi miaka 25 au zaidi alikuwa na dalili za ugonjwa huo. Wastaafu wengi waliotajwa kwa sentensi moja katika tanzia walimaliza siku zao wakiburuta mtungi wa oksijeni kutoka kitandani hadi barazani.

Nyumbani, tabia ileile iliendelea kwa vitu vingine. Chakula cha mgodini kilibebwa katika ndoo ya duara ya bati, maji chini, chakula juu. Wengi waliacha kipande cha keki au tunda ndani yake bila kukila. Ilikuwa akiba iwapo paa lingewafungia ndani, na paa lisipofanya hivyo ilikuwa zawadi ya mtoto aliyekimbilia ndoo mlangoni. Ndani ya kipande kimoja cha keki kulikuwa na hofu ya fundi na upendo wa baba, na mtoto alionja upendo peke yake. Nyuma ya nyumba kulikuwa na bustani ya maharage, mahindi na viazi, iliyopaliliwa baada ya zamu, kwa sababu mshahara wa makaa hukatika bila taarifa. Mama aliongoza nyumba ambayo nguo za kazi zilifuliwa mbali na nguo nyingine na king'ora cha mgodi kilisimamisha mazungumzo yote.

Familia Nyeusi za Lynch zilibeba mzigo wa ziada. Mara nyingi baba zao walinyimwa unyapara na mashine, wakaachiwa koleo. Na mashine zilipochukua nafasi ya koleo katika miaka ya 1950, wao ndio waliotangulia kupoteza kazi. Nchini kote wachimbaji wa makaa walikuwa zaidi ya 400,000 mwaka 1950, na kufikia 1960 hawakufika 200,000. Watoto wakaenda Detroit, Cleveland na Chicago. Ile orodha ya miji katika tanzia, ambayo msomaji huikimbilia, ni ramani ya safari hizo, na nauli ya wengi wao ilitoka kwa mtu aliyekataa kuvuka safu ya mwisho ya bolti.

Ufundi huu hauna kitu cha kuwekwa kabatini. Fundi seremala huacha mlango uliochongwa, mjenzi wa jahazi huacha jahazi. Fundi wa paa akiifanya kazi yake vizuri, hakuna kinachotokea. Alama yake ni zamu iliyokwisha, watu waliohesabika wote mlangoni, vibao vya shaba vyenye namba zao vikirudishwa kwenye msumari. Kazi ya namna hiyo inahitaji moyo wa pekee, maana siku mtu anapoifanya kikamilifu hakuna anayejua ni nini alichokiepusha, hata yeye mwenyewe.

Ndiyo maana hufundishwa kwa kukaa pamoja. Katika migodi ya West Virginia mgeni huvaa kofia nyekundu, ili kila mtu ajue kwamba anahitaji jicho la mkubwa, na sheria hutaka afanye kazi karibu na mzoefu kabla ya kuachiwa. Mzoefu humpa mtaimbo na kumwambia agonge, kisha humuuliza amesikia nini. Kijana hukosea, hugonga tena. Baada ya miezi, sikio hufunguka. Hakuna kitabu kinachoweza kufanya hivyo.

Karida Brown, mwanasosholojia ambaye asili ya familia yake ni Lynch, alikusanya mahojiano zaidi ya 150 na watu wa Harlan walioko huko na waliotawanyika, na mwaka 2018 akatoa kitabu kiitwacho Gone Home. Alifanya jambo linalotuhusu sote tulio na wazee wa kazi ngumu, wawe wa mgodi, wa bandari au wa reli. Tumezoea kuwauliza kama kazi ilikuwa ngumu, nao hujibu kwamba ilikuwa ngumu, na mazungumzo hufia hapo. Tuwaulize walijuaje. Walijuaje kwamba jiwe hili lingeanguka na lile lingekaa, kwamba leo ilifaa kuongeza gogo, kwamba sasa ilikuwa dakika ya kutoka? Mtu aliyekuwa na majibu ya maswali hayo kwa miaka 35 aliwarudisha wengi kwa watoto wao, na heshima ya kwanza tunayoweza kumpa ni kumuuliza angali hai, kisha kukaa chini hadi amalize kueleza.